Kata Iliyobadili Rangi

Swali lililoninyima usingizi majuma yote kabla ya kuondoka Mwanza lilikuwa hili: mtu anaweza kugombea kiti dhidi ya mzee aliyempokea baba yake mjini, kisha akaendelea kuishi naye mtaa mmoja? Mabaraza ya madiwani yalikuwa yamerudishwa, na kata yetu ya Mkolani ilikuwa chini ya Mzee Bundala, diwani wake. Ndiye aliyemkatia baba yangu kiwanja, siku baba alipokuja kutoka upande wa Bukoba na godoro kichwani kutafuta kazi ya ukarani kwenye kinu cha pamba. Lakini bomba la mtaa lilikuwa limekauka, kina mama wanashuka hadi Nyegezi kuchota maji ya ziwa, na Mzee kila akiulizwa alijibu kwamba suala linashughulikiwa.

Mama Sundi, jirani yetu anayekaanga samaki, ndiye aliyetoa kwanza wazo la mimi kugombea. Alinisimamisha njiani na ndoo yake kichwani.

"Koku, wewe umesoma chuo kikuu. Chukua fomu ugombee."

"Mama, nitashindwaje kumheshimu Mzee Bundala?"

"Nani kakwambia usimheshimu? Mheshimu, halafu chukua fomu." Alicheka. "Nyinyi Wahaya, nshomile wakubwa, wasomi wa kujisifu. Mmesoma mpaka kusema ndiyo kumewashinda."

Nikamwambia nitafikiri. Nilifikiri hadi nikapata upele. Nikishindwa, nitachekwa kuanzia Mkolani hadi Buzuruga. Nikishinda, mama yangu atautazamaje uso wa mke wa Mzee kanisani? Katikati ya fadhaa hiyo ofisi ya mkoa, nilikoajiriwa, ikaniteua kwenda Uingereza kwa mafunzo mafupi ya serikali za mitaa. Nilishukuru kama mgonjwa aliyeahirishiwa sindano.

Stesheni ya Mwanza. Wasindikizaji walikuwa wengi kuliko wasafiri. Mama alinipa kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani yake na kukaushwa, niwape wenyeji wangu, kwa kuwa kwetu Uhaya mgeni hapokelewi mikono mitupu wala hafiki mikono mitupu. Wengine wote waliniagiza sabuni, iliyokuwa imeadimika madukani. Mzee Bundala naye alikuja, na kofia yake ya Chama. Alinishika mkono muda mrefu. "Kawaangalie wenzetu wanaendeshaje halmashauri," alisema, "urudi utusaidie." Neno hilo *utusaidie* nililitafuna kutoka Shinyanga hadi Dodoma. Alikuwa anajua, au hajui?

Dar es Salaam hadi London sitaisimulia sana. Nilikaa katikati ya watu wawili waliolala, nikiogopa kuomba njia.

Kaskazini ya Uingereza. Nilipelekwa katika mji mdogo wa viwanda vya nguo, ambavyo vingi vilikuwa vimefungwa. Nyumba zao ni za matofali mekundu zilizoshikana, mtaa mzima kama behewa moja refu. Nilikaribishwa kwa Arthur na mkewe Edna. Arthur alikuwa dereva wa basi mstaafu, na diwani wa kata ile tangu binti zake wakiwa shule. Kule vyama ni vingi na kila kimoja kina rangi yake. Arthur alikuwa wa wekundu, kama baba yake na kama karibu mtaa wote. Edna aliipokea kahawa ya mama, akatafuna punje moja kwa adabu kubwa, kisha akaenda jikoni na sikusikia aliichukuliaje.

Nilifika wakati wa uchaguzi wa madiwani, na Arthur akaniambia mafunzo ya kweli yako barabarani. Tukawa tunazunguka naye jioni, beji ya utepe mwekundu kifuani pake, tukibisha milango. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuingia. Bibi mmoja alipofungua na kusema habari za jioni, mimi nikavua viatu, nikapita hadi sebuleni, nikakaa. Kwetu mtu aombaye kura husikilizwa akiwa ameketi. Arthur alibaki kizingitini na karatasi zake. Yule bibi alinitazama, akamtazama yeye, mwishowe akasema, "Basi na wewe ingia, Arthur. Miaka yote hii hujawahi kuona kapeti langu."

Baada ya hapo nilibaki nje pamoja naye, na nikawa na nafasi ya kutazama. Jambo lililonivutia ni milango. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa za halmashauri, wapangaji wakilipa kodi kwa baraza. Siku hizo serikali kuu, iliyokuwa ya chama cha buluu, ilikuwa imewaruhusu kuzinunua. Aliyenunua, kitu cha kwanza alichofanya ni kupaka mlango rangi aitakayo mwenyewe. Arthur akiona mlango mpya wa kijani au wa njano alikohoa kidogo kabla ya kubisha.

Wenye milango hiyo walikuwa wapole kuliko wengine wote. "Usiwe na wasiwasi, Arthur," walimwambia. "Unatujua sisi." Na Arthur aliandika alama ya ndiyo.

Tulipokuwa tunarudi nilijiuliza kama ni adabu kumwambia. Niligeuza sentensi kichwani mara nyingi, hadi tukafika kona ya kwao.

"Mzee Arthur, wale watu hawatakupa kura."

"Nani?"

"Wenye milango mipya. Wanasema ndiyo kama wakulima wetu wanavyomwambia bwana shamba. Ndiyo bwana, tutapanda kwa mistari. Akishaondoka wanatawanya mbegu kama babu zao."

Alisimama. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akacheka, lakini cheko fupi. "Nimekaa nao mtaa mmoja maisha yangu yote, binti."

"Ndiyo sababu," nilisema. "Wanakuonea haya."

Mpinzani wake wa kambi ya buluu alikuwa Sheila, mwanamke mwenye saluni mwisho wa mtaa uleule. Ndiye aliyemtengeneza nywele Edna tangu zamani. Juma lile la uchaguzi Edna alijifunga kitambaa kichwani, hakwenda saluni.

Siku ya kura. Watu walipigia kura katika darasa la watoto, wamekaa kimya kuliko kanisani. Kwenye karatasi ya kura nilitafuta jembe na nyumba, alama zetu za wagombea wawili wa chama kimoja, nikakuta majina matupu na penseli iliyofungwa kwa uzi. Nje, mtu wa wekundu na mtu wa buluu waligawana chai kutoka chupa moja. Nilidhani ni ndugu. Hawakuwa ndugu, walikuwa wanahisi baridi.

Ukumbi wa mji, asubuhi iliyofuata. Kura zilihesabiwa juu ya meza ndefu, wagombea wakizunguka nyuma ya wahesabuji mikono mgongoni, kama wazazi nje ya wodi. Kata baada ya kata msimamizi alipanda jukwaani kusoma. Nilishangaa jinsi mji ule mdogo ulivyogeuka kila sehemu kwa namna yake. Mitaa ya nyumba za halmashauri, ngome ya wekundu, ilikuwa inawatoroka. Kata ya vilimani, ambako Arthur alisema hawakuwahi kupewa hata kikombe cha chai, ikawachagua wekundu, kwa sababu walimu na wauguzi walikuwa wamehamia kule. Na kata moja ya katikati, wekundu na buluu waliokuwa wakitazamana waliikosa wote wawili. Ikachukuliwa na kijana wa chama cha tatu aliyewazungukia watu kuhusu takataka zisizozolewa. Hakuna aliyekuwa mwenye kata. Walidhani wamerithi.

Arthur alishindwa na Sheila kwa kura chache. Aliposikia alitikisa kichwa mara moja, akampa Sheila mkono, akateremka ngazi akishikilia chuma.

Nilidhani nimeshaona kilichonileta. Kumbe bado.

Jumamosi, nyumbani kwa Arthur. Mimi sikujua wao hufanyaje katika hali kama hiyo, nikafanya tuyajuayo. Nilijifunga khanga kiunoni, nikafagia, nikachemsha chai birika kubwa, nikapanga viti vyote ukutani. Edna alikuwa ameketi. Mlango ukagongwa. Nikafungua: Sheila, hana beji, ameshika keki.

Kwetu aliyekuja kutoa pole hasimamishwi nje, hata kama ndiye mliyegombana naye. Hasa kama ndiye. Nikasema karibu sana, nikamshika mkono, nikamwingiza, nikamketisha ubavuni mwa Edna kabisa, na kumwekea kikombe. Ndipo nilipoona uso wa Edna.

"Koku," alisema polepole, "mimi ningempokelea keki mlangoni."

Hakuna aliyejua atoke vipi. Sheila hakuweza kuondoka, kikombe kimejaa. Arthur alitokea jikoni, akasimama.

"Ulikula Krismasi kwenye meza hii," alimwambia.

"Nilikula. Na nilikwambia kwenye meza hiihii kwamba watu wamechoka, ukaniambia nikupe viazi."

"Tungeongea."

"Niliongea miaka minne, Arthur. Na wewe ulikuwa unaniitikia tu."

Edna akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Na nywele zangu je? Nilikuwa nizipeleke wapi?"

Sheila akamgeukia. "Ungekuja tu, Edna. Kiti chako kilikuwa wazi. Nilidhani hunitaki."

Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Walibishana chai ikapoa, nami nikijilaumu pembeni na khanga yangu. Lakini walibishana wakiwa wameketi, na hilo nadhani lisingewezekana kizingitini. Mwishowe Arthur alisema, kwa hasira ileile, kwamba mwisho wa mtaa kuna mzee asiyesikia ambaye hafungui mlango mpaka ugonge dirisha la nyuma, na kwamba halmashauri ikimwandikia barua hazisomi, na kama Sheila hatakwenda yeye mwenyewe basi yule mzee atakaa bila moto msimu wa baridi mzima.

"Dirisha lipi?" Sheila aliuliza.

Arthur alichukua koti. Nikawaona dirishani wakiteremka mtaa, mmoja mbele mwingine nyuma. Edna alikata keki, akanipa kipande. "Bado nimekasirika," alisema. "Kula."

Safari ya kurudi. Kwenye treni kutoka Dar nilipangilia niliyojifunza, nikagundua mengi ni maswali. Vyama vyao ni vingi na chetu ni kimoja, sikuona kwamba naweza kubeba kile na kukishusha Mwanza kama sabuni. Lakini kitu kimoja kilinifuata hadi Fela, ziwa lilipoanza kunusika. Nilikuwa nikiogopa kwamba kushindana na mzee kutakata uhusiano. Kule niliona uhusiano uliokuwa umekatika zamani kwa kuitikiana ndiyo, na uchaguzi ukaja tu kuutangaza. Na mimi nilikuwa nikimwitikia Mzee Bundala ndiyo kila siku, nikipita na kumwacha aamini kwamba mtaa mzima umeridhika.

Mkolani. Sikusubiri kufungua mizigo, kwa maana ningefikiri. Nilimkuta Mzee Bundala ananoa panga uani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ulaya wanasemaje?"

Nikakaa kwanza. Kisha nikamwambia: bomba limekauka, kina mama wamechoka, mimi nimechoka, na leo naenda ofisi ya tawi kuchukua fomu. Nimekuja kumwambia mwenyewe kabla hajaambiwa.

Aligeuza panga, akanoa upande wa pili. "Baba yako nilimkatia kiwanja kile," alisema.

"Najua, Mzee. Ndipo nilipozaliwa."

"Nitakushinda."

"Huenda."

"Nitawaambia kwenye mkutano kwamba wewe ni mtoto."

"Waambie. Mimi nitawaambia habari za bomba."

Hakunisindikiza. Nilipoaga aliendelea kunoa, na mkewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni muda wote, aliingia ndani. Iliniuma, na ingali inaniuma. Nikatoka nikashika njia ya ofisi ya tawi. Katibu alikuwa anafunga dirisha. Aliniuliza kama nimeleta habari za Ulaya.

"Nimeleta," nilimwambia. "Lakini kwanza nipe fomu ya udiwani."

Akatafuta kalamu, akauliza aiandike kwa jina la nani. Nikamtajia jina langu lote, pamoja na la baba.