Ugomvi Unafukuza Tembo

Mweso yetu, wakati nilikuwa bado shule ya primere, ilikuwa na sifa moja tu: ilikuwa njiani. Wazungu waliokuja kutazama wanyama wa Parki walipenda kulala kwetu, kwa kuwa baridi yetu haina mbu. Alfajiri walishuka na gari mpaka kule bondeni kwenye joto, jioni wakapanda tena wakiwa rangi ya vumbi. Nasi tulijigamba sawa vile tembo wale tuliwazaa sisi. Kumbe katika mji mzima hakuna aliyewahi kuingia Parki, isipokuwa mzee mmoja wa kutengeneza barabara, na yeye aliona matako ya nyati, basi. Miaka yote alitusimulia matako yale, na kila mwaka yaliongezeka unene.

Mama alikuwa mpishi wa jite, ile nyumba ya wageni ya Leta, yaani serikali. Kiangazi kimoja ajenti wa serikali alipita na pikipiki yake, hakuzima hata injini, akasema wageni wananung'unika. Wakinung'unika tena, jite itahamia Kitshanga, mji jirani. Kitshanga! Watu ambao hata viazi vyao vinanung'unika chunguni. Mimi nilicheka, Mama hakucheka. Karo yangu, sabuni yetu, mabati juu ya vichwa vyetu, vyote vilitoka katika jiko lile.

Hapo njo wakafika bwana mmoja mrefu na madamu wake, kukaa wiki nzima. Siku ya kwanza walirudi bila kuona kitu. Ya pili, vilevile. Ya tatu waliona ngiri mmoja, naye alikuwa anakimbia. Bwana alikunywa supu ya Mama akiitazama kwa jicho baya, kana kwamba ni supu iliyowafukuza simba.

"Mji gani huu," alisema kwa Kifaransa. "Mvua, ukungu, kabichi."

Nilimtafsiria Mama yote isipokuwa kabichi. Kabichi ilikuwa ya shamba lake.

Siku zile kaka yake Mama, mjomba wangu, alikuwa ametoka kwao Walikale kututembelea, na kikapu cha uyoga mkavu na mbwa mwenye kengele ya mti shingoni. Ni mwindaji wa nyavu. Asubuhi alikaa mlangoni mwa jiko akiwasikiliza wageni barazani. Kifaransa hajui, lakini ugomvi hauna haja ya masomo: nani amesahau darubini, nani ameketi juu ya kofia, nani alisema tungoje mwaka kesho.

"Dada," akamwambia Mama, "hawa bantu banatoka kuwinda na mudomo kali hivi kila asubuhi?"

"Habawinde, kaka. Banaenda kuangalia tu."

"Kuangalia nyama bila kuikula?" Akawatazama kule barazani, akiwahurumia. "Ata kama. Nyama haionekane na mwenye anaacha ugomvi ku nyumba. Inasikia."

Kwao, kabla nyavu hazijatoka, kila mwenye kinyongo anakisema mbele ya wote, hata kama ni kinyongo cha kuku. Kisha anatia maji kinywani, anayapuliza chini, na neno limekwisha. Akificha mtu mmoja, kijiji kizima kitakula majani.

Mama hakuamini sana, yeye ni mkristo wa benchi la mbele. Lakini alikuwa anaiona Kitshanga ikimcheka. Asubuhi iliyofuata akaweka kibuyu cha maji mezani, katikati ya mayai na kahawa, akanisukuma mgongoni.

"Elezea bo. Na ukiongeza neno ya kwako, leo haukule."

Basi nikaeleza sawasawa, jambo ambalo sijalizoea. Bwana alicheka mpaka akashika tumbo. Madamu hakucheka. Alivuta kibuyu upande wake.

"Naanza mimi," akasema.

Akaanza. Mayai yakapoa. Joto hakulipenda, vumbi hakulipenda, tembo hakuwapenda tangu zamani. Alikuwa ameomba bahari. Na bwana, alipohesabu mizigo ya safari, alihesabu hivi: sanduku, darubini, madamu.

"Anasema nini?" mjomba akaninong'oneza.

"Bado iko ku harusi, mjomba."

"Muache. Inatoka muzuri."

Madamu akapuliza maji, yakaangukia viatu vya bwana. Zamu ya bwana ikafika. Alitazama viatu kwanza.

"Wewe hunisikilizi nikisimulia," akasema. Hilo tu. Akapuliza vibaya, yakamwishia kidevuni.

Siku ile bwana alishuka Parki na dereva peke yake. Madamu alibaki jikoni akimenya viazi na Mama, bila lugha hata moja kati yao. Alimenya maganda manene hivi kwamba Mama alimenya maganda yenyewe tena. Kila mara Mama alitoka kutazama barabara.

Jioni gari lilipiga honi tangu darajani. Bwana alikuwa ameona yote: kundi la tembo, simba na watoto wake, viboko. Lakini alishuka na uso wa matanga.

"Sasa nini tena?" Mama akaniuliza, amekamata kifua.

Nikamuuliza bwana. "Hapakuwa na mtu wa kumwonyesha," akajibu.

Mjomba akashangaa. "Lakini! Nani anapata nyama na anaikula peke yake ku njia? Agabule. Kipande ya kwanza ni ya ule mwenye aligombana naye."

Nikatafsiri. Basi bwana akaanza kugawa. Mkono wake ukawa mkonga. Alilala chali kwenye simenti ya Leta akawa simba jike. Madamu alicheka mpaka akashika nguzo, akaomba simba arudiwe. Mama akaleta supu, na hakuna aliyeitazama kwa jicho baya; waliinywa tu.

Bwana alimwambia ajenti kwamba kwa kuona tembo hakuna mji unaoishinda Mweso. Tembo walioko mwendo wa saa tatu kwa gari! Jite ikabaki, na kibuyu kikabaki mezani. Juzi, nikiwa nyumbani kwa likizo, ajenti mwenyewe alikuja na madamu wake, wako njiani kwenda Parki, akauliza kibuyu ni cha nini. Mama akanitazama. Nikaeleza. Ajenti akameza kahawa yake ya moto, akakumbuka kwamba ana kazi nyingi, Parki itangoja.

Madamu wake alikuwa amekwisha kukishika kibuyu.