Lusia Tose, Msugua Vioo wa Minose

Lusia Tose alizaliwa mwaka 1629 katika kijiji cha Minose, pwani ya kisiwa cha Kyushu, Japani, wakati Wakristo wetu walikuwa wamekwisha kujifunza kusali midomo imefungwa, kwa kuwa dini yetu ilikuwa imepigwa marufuku. Baba yake, msugua vioo, alimrithisha kazi: kusugua shaba kwa mkaa laini, kisha kwa zebaki na maji ya matunda chachu, mpaka uso wa mtu uonekane. Alimrithisha na siri. Ndani ya vioo vichache, chini ya michoro ya korongo na misonobari iliyo mgongoni mwake, palifichwa msalaba. Shaba ikisuguliwa ikawa nyembamba kwa kipimo chake, kioo kikielekezwa juani, mwanga uliorudi ukutani uliuchora msalaba huo. Katika nchi yetu kioo huheshimiwa kama makao ya mungu wa jua. Wakaguzi wa serikali waliowasaka Wakristo walipekua mitungi na dari, lakini vioo waliviinamia vichwa. Namshukuru Mungu kwa adabu yao hiyo.

Kipimo kilikuwa kimoja: msalaba usionekane ila kwa jua kali la adhuhuri. Tose alikishika miaka ishirini. Majira ya baridi ya 1663 mjane Osen, mama yake wa ubatizo, akaanza kupoteza macho. “Mwanangu, ukutani sioni kitu tena,” alimwambia. “Naona weupe tu.” Tose akakichukua kioo cha mjane yule, akakisugua siku tatu, akapita kipimo huku akijua, ili msalaba ung'ae zaidi. Asubuhi ya nne Osen aliuona msalaba, akalia, akacheka, akasema, “Kumbe bado upo.”

Mwezi wa kwanza wakaguzi walikuja, kama kila mwaka, kuwakanyagisha watu sanamu ya Kristo, ili anayekataa ajulikane kuwa Mkristo. Kulikuwa na mawingu, hakuna aliyehangaika kukifunika kioo nyumbani kwa Osen. Jua hafifu likapenya, msalaba ukasimama kwenye ukuta wa karatasi.

“Bibi, nini kile?” akauliza mkaguzi Sakuma.

“Mimi macho sina, bwana. Labda kunguru.”

Wakamfunga. Tose alipopata habari hakungoja kutafutwa. “Mwacheni bibi, haoni. Kioo nimekisugua mimi.”

Sakuma, ambaye kioo cha mkewe kilisuguliwa na Tose huyohuyo, akamwonea huruma. “Dada, usijiponze. Sema mkono umekosea, kanyaga sanamu, nenda zako ukapike.”

Tose akajibu, “Mkono haukukosea, bwana. Nilitaka aone.”

Alifia gerezani mwezi wa sita, 1664, na kioo kikayeyushwa. Osen aliachiwa, kwa kuwa walisadiki kipofu hana hatia ya asichokiona. Wapo wasemao ukuta wa gereza uling'aa Tose alipokata roho. Mimi siwezi kuapa. Anayetaka kumwiga asianze na gereza. Aanze na jirani anayesema haoni.

Osen aliishi miaka kumi na mmoja zaidi, gizani kabisa, akiwafundisha watoto sala, nao wakawafundisha watoto wao, kwa vizazi vingi bila padri. Watoto walipomwuliza msalaba ulikuwaje, aliwachorea kwa kidole viganjani. Ndivyo mama yangu alivyonichorea mimi.