Viti Viwili vya Boti ya Nyamisati

Ukishuka Nyamisati ukitafuta boti ya kwenda Mafia, mtu wa kwanza kukuuliza jina lako si karani wala nahodha, ni Mwajabu. Kibanda chake cha bati kiko pale barabara inapokwisha na matope kuanza, na mbele yake pana meza yenye ndimu, tangawizi, vipande vya nailoni vya kujifunikia na makopo matupu ya siagi yaliyooshwa yakang'aa. Makopo hayo ndiyo yanayotoka sana. Zamani alikuwa akiuza mifuko ya plastiki. Ilipopigwa marufuku wenzake walikaa wakalalamika wiki nzima, yeye akapanda gari mpaka Kibiti kwa Shabir, mwenye duka la jumla, akakomba makopo yote yaliyokuwa stoo. Mtu anayetapika hajadiliani bei, lakini huyo hana pa kununulia, yuko katikati ya maji. Kwa hiyo Mwajabu humuuzia mtu angali nchi kavu, wakati woga umeanza kumpanda, na hapunguzi.

Ushauri hutoa bure, maana ushauri ndio unaouza ndimu.

"Mama, nikae wapi?"

"Katikati. Mbele utarushwa kama mpira, nyuma utakula moshi wa injini."

"Botini choo kipo?"

"Choo ni kile pale nyuma ya msikiti. Kamalize shida zako zote huku huku."

"Nile nini kabla?"

"Mkate mkavu na chai ya rangi. Maharage yaache, usije ukayaona mara mbili. Mzigo wako ufunge kitambaa cha rangi, mabegi yote meusi yanafanana. Na jina umpe karani lile ulilopewa na baba yako, si lile la kwenye simu. Likitokea la kutokea, watatangaza nani? Mtoto Mzuri wa Bungu?"

Watu walicheka, wakanunua. Kisha lilikuja swali ambalo hakuna abiria aliyewahi kuliacha: boti inaondoka saa ngapi?

"Sasa hivi," alisema Mwajabu.

Jibu hilo peke yake halikuwa ushauri, lilikuwa biashara. Boti huondoka maji yakiwa yamejaa na viti vikiwa vimejaa, na kati ya maji na viti, mwenye boti huangalia viti kwanza. Mwajabu alikuwa na fungu lake kwa kila kichwa alichokileta. Walio mbali waliompigia simu, aliwashikia nafasi na kuwaapia kwamba boti haiwaachi. Na kweli haikuwaacha. Alisimama gatini mkono juu akipiga kelele, "Bado wawili, nahodha, wale wanakuja!" mpaka hao wawili wakatokea. Jina lake lilijengwa na hilo. Alikuja hapo kutoka Mbwara na tenga la mihogo baada ya kuachwa na mume, leo hata mwenye duka Kibiti anamtumia abiria.

Kitu kimoja watu walimtania nacho: hajawahi kuvuka. Mdogo wake, Siwatu, aliolewa Kilindoni ng'ambo huko, akazaa, akafiwa na mume, akawa mtu mzima, na mara zote walizoonana ni yeye Siwatu aliyekuja.

"Dada, unawavusha watu wote, mwenyewe lini?"

"Nikivuka mimi nani atauza?"

Hilo halikuwa neno la utani. Siku moja mezani asipokuwepo, yupo mwingine atakayeweka meza. Kwa hiyo alipeleka vitu badala ya mwili: mchele mpya, kanga, dawa. Siwatu alishukuru, na kila mara akasema vitu amepata ila mtu hajamwona.

Kisha Siwatu akaugua. Alilazwa, akarudishwa nyumbani, na kwa watu wa huku kurudishwa nyumbani kuna maana yake, hakuna anayeiuliza. Mwanawe Amri akapiga simu. "Mama mkubwa, njoo. Haombi kitu kingine. Anasema akuone tu."

Asubuhi yake Mwajabu aliamka akafunika meza yake kwa turubai, akafunga mchele kwenye furushi, akachukua ndimu zake na kopo moja, akampa karani jina lake alilopewa na baba yake. Akakaa katikati.

Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko, yametulia. Simu ikalia, Amri tena.

"Mnatoka saa ngapi? Anauliza."

"Mwambie sasa hivi."

Akaikata, akamgeukia nahodha Seleman, aliyekuwa amekaa ukingoni anachokonoa meno kwa kijiti.

"Haya nahodha, ng'oa nanga."

"Bado wawili."

"Wawili gani?"

"Wako wewe. Mtoto wa Shabir na mkewe. Si uliniambia jana niwashikie?"

Ni kweli alikuwa amesema. Zain, kijana wa Shabir, alikuwa ameoa karibuni, na mkewe Nazia alitaka kwenda kuwaona samaki wakubwa wa Mafia. Tangu juzi Nazia alikuwa akipiga simu: mama, nivae viatu gani? Mama, simu ikilowa? Mama, papa wapo? Mwajabu alimjibu yote kwa utulivu, akamwahidi boti itawangoja hata wakichelewa. Sasa akawapigia.

"Mko wapi?"

"Tumekaribia kabisa, mama," alisema Zain. "Tupo Bungu, Nazia ananunua korosho. Tunakuja sasa hivi."

Mwajabu alilijua hilo neno lilivyotengenezwa. Akamwambia Seleman, "Waache. Watapanda kesho."

Seleman akacheka mpaka kijiti kikamdondoka. "Wewe Mwajabu, wewe? Juzi umenishikilia hapa kwa ajili ya mwalimu mmoja na mbuzi wake! Leo niwaache watu wa Shabir?"

"Mdogo wangu anakufa, Seleman."

Kicheko kikakoma. Seleman aliyatazama maji, akamtazama yeye. "Pole, bi Mwajabu. Lakini boti si yangu. Tajiri atauliza viti viwili vimekwenda wapi. Vilipe wewe, tuondoke."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hayakuharibiwa na mwingine. Mwajabu angesema ndiyo, wangekuwa njiani. Lakini alikuwa amekaa gatini muda mrefu mno. Mtu akimtajia bei, mdomo wake hujibu kabla moyo haujasikia.

"Nusu," alisema.

"Nusu vipi? Viti vizima."

"Viti vitupu havili mafuta. Hakuna mtu, hakuna mzigo, boti inakwenda nyepesi. Nusu yenyewe nimekuheshimu."

"Bi Mwajabu, mimi nakusaidia, wewe unapatana bei nami?"

"Abiria wangapi nimekuletea? Hata kiti kimoja hunipi cha bure?"

Wakaendelea. Seleman akashuka kidogo, Mwajabu akapanda kidogo, abiria wakaanza kuingilia, mmoja upande wa huyu na mwingine upande wa yule, mzee mmoja akasema kwa ukarimu kwamba wakutane katikati. Wakakutana katikati. Mwajabu alikuwa anafungua pindo la kanga atoe hela aliposikia honi barabarani. Gari la Shabir. Nazia akashuka na mabegi mawili yenye magurudumu, magurudumu yakazama matopeni, ikabidi watu washuke wakayabebe.

Mwajabu akalifunga pindo lake. Hakulipa kitu. Kwa hesabu ya kila siku, alikuwa ameshinda.

Boti ilipoondoka, mizizi ya mikoko ilikuwa imeanza kuonyesha mstari wa unyevu, maji yameanza kupwa. Abiria hawakuuona. Yeye aliuona, na Seleman aliuona, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Walipofika mdomoni mwa mto, pale tope la Rufiji linapolundikana kila mwaka mahali papya, boti ikakwaruza chini, ikasogea, ikakwaruza tena, ikakaa. Seleman akazima injini.

"Tumepanda fungu la mchanga," alisema. "Tutulie. Mpaka maji yarudi."

"Yatarudi saa ngapi?" aliuliza Zain.

Jua likapanda. Boti haikwenda lakini ilichezacheza pale pale, na mchezo huo ni mbaya kuliko mwendo. Mwajabu alinyonya ndimu ya kwanza, akanyonya ya pili, akatafuna tangawizi, akaitazama mikoko ya mbali kama alivyowafundisha watu wote waitazame. Havikusaidia hata kimoja. Akatapika kwenye kopo lake mwenyewe, Nazia amemshika bega.

"Pole, mama. Ulikula maharage?"

"Sikula kitu."

Simu ililia adhuhuri. Mtandao ulikuwa unakatika, lakini neno lenyewe lilipita. Siwatu amefariki. Mwajabu alisema inna lillahi, abiria wakaitikia. Sauti ya Amri ikarudi.

"Mama mkubwa, wanawake wameshamwosha. Wazee wanauliza. Wanasema kama uko karibu, maiti ikungoje umwone uso. Kama uko mbali, wanasali alasiri wanatoka. Mtafika saa ngapi?"

Aliyatazama maji. Mchanga ulikuwa nje pande zote mbili, ndege wanatembea juu yake. Jibu lilimjia ulimini lenyewe, maneno mawili, kama lilivyomjia maisha yake yote. Wangemngoja. Kwa heshima yake wangeketi uani na joto lile, maiti imefunikwa, wazee wanatazama saa, Amri anatoka barabarani kuchungulia na kurudi, mpaka giza. Na mwisho wangemzika vilevile.

"Mama mkubwa? Unasikia? Saa ngapi?"

"Tumekwama," alisema Mwajabu. "Leo hatufiki na mchana. Zikeni."

"Hata nusu saa tusi..."

"Zikeni, mwanangu. Msimngojeshe."

Maji yalirudi jioni, taratibu. Hayana haraka na mtu. Walifika Kilindoni jua limekwishazama. Zain na Nazia walishusha mabegi yao, wakampa pole, Nazia akataka kujua kama kesho bahari itakuwa nzuri. Mwajabu akamwambia atakapoiona atajua.

Amri alikuwa amesimama gatini, suruali ina udongo magotini. Akampokea furushi la mchele, akamsalimia. Wakatembea. Nyumbani wanawake walikuwa wamejaa mkekani, na kitanda cha Siwatu kilikuwa kimetolewa nje, kimeegeshwa ukutani.

Mlangoni Mwajabu akasimama.

"Aliniulizia?"

"Asubuhi. Akataka kujua kama boti imeshatoka."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia kama ulivyoniambia, mama mkubwa. Sasa hivi." Amri alilihamishia furushi bega la pili. "Akasema basi asilale. Akaomba tumwegemeze kwenye mto, ausikie mlango."

Mwajabu alivua viatu, akaingia, akapita kati ya miguu ya watu mpaka akapata nafasi. Ilikuwa katikati.