Vikwembe vya Yaya Masika na Robine ya Kamping

To. To. To. Halafu kimya kidogo, mtu anafikiri imeisha, kisha to tena.

Hiyo ndiyo sauti, tone la maji likianguka mu kopo tupu la maziwa, na mpaka leo nikiisikia mahali popote, hata ikiwa ni mvua tu inadondoka toka bati ya jirani, miguu inataka kukimbia kuchungulia chini ya gari ambalo haliko. Muliniuliza tena jana kwa nini watu wa Nizi wakiniona kwenye sikukuu wananiita bibi-arusi wa kwanza, na miye sijaolewa, nikawadanganya kwamba ni muchezo wa watoto. Si muchezo wa watoto. Ni aibu yangu, na nitaitoa yote leo, mucheke mpaka mushibe, lakini mujue siku ile miye niliogopa mpaka meno yakagongana kwenye jua kali.

Ilikuwa mwanzo wa miaka ya themanini, wakati wa Zaire, Baba akiwa na garage yake ndogo pale Nyakasanza, Bunia. Wazungu wawili wazee, bwana na bibi yake, walitoka Sudani wakapita Aru na gari la kulala ndani, lina kitanda, meza ya kukunja, pazia za maua, jiko la gazi na kabine (ndiyo, choo ya kujisaidia, ndani ya gari). Wao waliliita kamping. Liliwafia karibu na Bunia, wakangojea vyuma vya motere mpaka wakachoka, wakapanda ndege na kumuachia Baba lile gari kwa bei ya kutupa. Mutaa muzima walicheka kwamba muzee amenunua nyumba yenye mipira. Miye sikucheka. Nilikuwa naingia mule ndani kila jioni, nafunga pazia, nalala kwenye kitanda nikijiona tumepita Kisangani, tumepita Bangui, tumefika kwenye bahari ambayo sijaiona hata kwenye picha nzuri.

Baba akakamata kazi ya motere, akaniachia mambo ya chini, maana mikono yangu ni midogo na sikuwa na kazi nyingine (shule niliishia ya sita ya primeri). Na chini kulikuwa na ugonjwa mumoja, tanki ya uchafu ilikuwa inavuja. Robine yake, yaani kifungio cha bomba lake, si ya kuzungusha kama ya bomba la maji. Ni kisahani cha chuma, ukivuta mukono wake kinatoka na uchafu unamwagika, ukisukuma kinarudi na kufunga, na kinateleza katikati ya mipira miwili myembamba ya kuziba. Ile mipira ilikuwa imezeeka, imepasuka kama kisigino. Mipya haikuwa Bunia, haikuwa Aru, labda Ulaya. Basi nilifanya kama siye wote tunafanya, nikakamata shambrere ya zamani ya kinga, ule mupira wa ndani ya gurudumu la baiskeli, nikalaza mipira ya zamani juu yake, nikakata kwa wembe nikifuata ukingo, ikatoka miwili mizuri kabisa.

Lakini kisahani kikawa kigumu kuingia. Na huku kwetu kitu kikilia au kikikataa, dawa iko moja, grese, yale mafuta mazito ya mashine. Mulango ukilia, grese. Kinga ikilia, grese. Nilichota ile ya roulement za magurudumu, nikapakaa mipira mpaka ikang'aa, na kisahani kikateleza kama kinaniimbia. Nikamwaga maji mu tanki, nikaweka kopo chini, nikasikiliza. Hakuna kitu. Baba akapiga magoti naye akasikiliza, kisha akaniangalia akasema, "Kavira, weye ni fundi." Hilo neno nilitembea nalo wiki nzima, kichwa juu, karibu nigonge milango.

Sasa, wiki ile ndiyo tulikuwa tunampeleka dada yangu mukubwa, Yaya Masika, kwa muchumba wake Kambale kule Nizi. Kambale alikuwa kijana wa kuchimba zahabu, mupole, hasemi mengi. Aliyesema alikuwa nyanya yake aliyemulea, muke mufupi mwenye macho makali ambaye kila mutu alimwita Tate. Tate akikubali, ndoa iko. Tate akikataa, Kambale hatabisha, na Tate alishawahi kumurudisha musichana mumoja kwao kabla hajakaa chini. Kule bibi-arusi akifika, wamama wa bwana wanatandika vikwembe, vitenge vyao vya sikukuu, toka mulango wa gari mpaka mulango wa nyumba, ili muguu wake usiguse udongo. Na muguu wa kwanza kukanyaga ni lazima uwe wake, kwani muguu wa kwanza ndio nyumba imepokea. Hii nilikuwa naijua kama jina langu.

Asubuhi ya safari nikaamka kupangusa kamping, na ndipo nikasikia. To. To. To. Kopo lilikuwa pale pale chini, nililisahau. Nikasukuma mukono wa robine, hauendi. Nikavuta kidogo, haurudi. Nikakata kamba ya shambrere, nikaufunga ule mukono kwa nguvu, nikaukaza mpaka tone likapungua. Nilitaka kumwambia Baba, namuapia mutu yeyote, nilimuendea kabisa. Lakini alikuwa amesimama kwenye mulango na koti yake mupya ya abakosti, anajiangalia kwenye kioo cha gari, akageuka na kunichekea, "Fundi, tuko naenda?"

Nikasema, "Tuko naenda, Baba."

Ndani tulikuwa Yaya na poda yake na nguo nyeupe, miye, na wamama wa ukoo wakiongozwa na Mama Mukubwa, dada ya mama yetu, ambaye hata akiongea polepole anasikika mpaka sokoni. Hatujatoka Bunia vizuri akaona mulango mudogo.

"Na huku ni kwa nani?"

"Ni kabine, Mama Mukubwa."

"Kabine ya nini mu gari?"

"Ya kujisaidia."

"Gari ikiwa natembea?"

Hapo ndipo nilipaswa kusema imeharibika. Nilikuwa na sekunde ya kusema. Lakini niliona macho yake yanang'aa, na miye moyo wangu ni mulaini, sijui kumunyima mutu furaha, nikasema, "Gari ikiwa natembea." Akaingia, akakawia, akatoka anacheka peke yake. Akaingia wa pili. Wakaingia wote, mumoja mumoja, hata wale ambao hawakuwa na haja, walitaka tu kurudi Bunia na kusema wamejisaidia wakiwa wamekaa kama mawaziri huku miti inapita kwenye dirisha. Mama Mukubwa akarudi mara ya pili. Na kila mulango ukifungwa miye nilikuwa nahesabu uzito kwenye ile kamba ya shambrere, na kila shimo la barabara nilikuwa nashika ukuta wa gari.

Harufu ikaanza.

"Nani amebeba samaki ya Mahagi-Port?" Mama Mukubwa akauliza.

Kweli tulikuwa na kifurushi cha samaki mukavu, zawadi ya wakwe. Wakamulaumu samaki, wakafungua dirisha, wakaendelea kuimba. Yaya peke yake aliniangalia. "Kavira, mbona unatoka jasho?" Nikasema ni joto. Akanishika mukono na kuniambia niombe, maana yeye naye anaogopa Tate. Nikaomba kweli, lakini niliombea mupira.

Tulipofika Nizi ngoma ilikuwa imeanza, watu wamejaa mu uwanja, na Baba akarudisha gari nyuma polepole ili mulango uangalie nyumba. Bomba la tanki liko upande ule ule wa mulango, karibu kabisa. Nikachungulia kupitia pazia. Wamama walikuwa wanatandika vikwembe, vyekundu, bluu, wax zenye harufu ya sanduku, na Tate mwenyewe akaja na cha kwake, cha zamani, kimekunjwa vizuri, akainama kukiweka cha mwisho, pale kwenye ngazi. Akanyoosha pembe moja kwa vidole. Kichwa chake kilikuwa chini ya bomba. Na miye nikasikia ile kamba inalia, nyii, kama mulango unaofunguka polepole.

Sikufikiri. Nilifungua mulango nikaruka.

Nilitua na miguu yote miwili katikati ya kikwembe cha Tate. Nikamukamata mukono, nikamuvuta kama mutu anavuta mbuzi barabarani, nikaingia chini ya gari na kuweka viganja vyote viwili kwenye robine. Kamba ikakatika. Niwaambie tu kwamba viganja vya mutu mumoja havitoshi. Uchafu ulinimwagikia kwenye nywele, kwenye shingo, kwenye nguo niliyoshonewa kwa siku ile, ukapita na kuenda kwenye vikwembe vya mbele vyote.

Ngoma ikanyamaza. Mutu mumoja nyuma alicheka, kisha akaacha kwa sababu Tate hakuwa anacheka.

Baba mudogo wa Kambale, mwanaume murefu mwenye fimbo ya sikukuu, akaja akainama akanichungulia. "Basi muguu wa kwanza ni huu," akasema. "Kambale, njoo. Bibi yako amefika, umukamate mukono."

Kambale aliangalia viatu vyake. Na miye, nikiwa chini ya gari, nikaona pazia limesogea na uso wa Yaya uko kwenye kioo, machozi yanachora njia kwenye poda. Nilijua muchezo wa yule baba mudogo haukuwa muchezo wote, kwamba ingetosha Tate aseme neno moja na siye tungegeuza gari.

"Toka," Tate akasema. Nikatoka, nikapiga magoti mbali kidogo kwa sababu ya harufu.

"Weye ni nani?"

"Kavira, mudogo yake bibi-arusi."

"Nani alitengeneza hii kitu?"

Baba akaja mbio na abakosti yake. "Mama, gari ni yangu, kosa ni yangu."

"Sikuuliza gari ni ya nani."

"Ni miye nilitengeneza, Tate," nikasema.

Akaangalia vikwembe, kisha pazia, kisha miye. "Bibi-arusi hatashuka kwenye udongo. Na sitandiki vingine, hivi ndivyo vilitandikwa kwa jina lake. Vifuliwe. Vikikauka vikiwa vizuri, atashuka. Vikibakia na harufu, murudi naye Bunia."

"Na ule muguu?" baba mudogo akauliza.

"Ule muguu utafua."

Mama Mukubwa na wengine wakataka kunisaidia, Tate akawakatalia. Akanipa kipande cha sabuni ya mawese, akanionyesha njia ya kijito, na nikaenda na mzigo kichwani huku watoto wananifuata kwa mbali wakishika pua. Nilifua. Nilifua kimoja nikakinusa, nikakirudisha kwenye maji, nikakinusa tena, mpaka pua yangu ikakataa kuniambia ukweli. Nikavitandika kwenye majani. Juu ya vilima mawingu yalikuwa yanajikusanya, ile mvua yetu ya alasiri, na kila mara jua lilipofichika nilimuona Yaya kichwani mwangu, amefungiwa mule ndani na joto na samaki.

Wakati nangoja nikaona kitu kimenaswa kwenye mukanda wangu, ule mupira niliokata. Ulikuwa umevimba, umenyauka kwa mikunjo, mulaini kama ulimi wa ng'ombe, ukitoka kabisa kwenye umbo lake. Na kipande cha kamba kilikuwa kimenaswa pale pia, shambrere ile ile, kimekatika lakini kizima, kigumu, hakijavimba hata kidogo. Hicho sikukipakaa kitu. Nikaangalia kimoja, nikaangalia kingine. Grese. Nilikuwa nimelisha mupira grese wiki nzima, ukanenepa mpaka ukatoka kwenye nafasi yake, na miye natembea kichwa juu naitwa fundi.

Mvua ilinihurumia, ikaenda upande mwingine. Nilirudi na vikwembe vikiwa vimekauka, Tate akaketi kwenye kiti, akavikamata kimoja kimoja, akaingiza uso wake wote ndani. Cha kwake akakiacha mwisho. Alikinusa upande mumoja, akageuza, akanusa pembe. Baba alikuwa amevua kofia.

"Kiko nanuka sabuni," Tate akasema. Kisha akanirushia vyote. "Tandika."

Nikatandika toka ngazi mpaka mulango wa nyumba, nikitambaa pembeni kwenye udongo, sikugusa kitambaa hata kwa goti. Yaya akashuka, macho yamevimba, na alipopita karibu na mimi akanifinya sikio bila kuangalia chini. Ngoma ikarudi. Tate akanipita akasema kwa sauti ambayo kila mutu alisikia, "Bibi-arusi wa kwanza aende kuoga." Hapo ndipo walicheka, wote, na jina likanishika mpaka leo. (Mama Mukubwa, njia nzima ya kurudi, aliuliza kabine iko wazi?)

Kwa hiyo muniamini nikisema kwamba sitapakaa tena kitu nisichokijua eti kwa sababu kila mutu anakipakaa, na mutu akiniita fundi nitamwambia angoje wiki moja kwanza.

Kesho yake jioni, Bunia, Baba akiwa ameenda kumusalimia rafiki, niliingia chini ya kamping peke yangu. Nilitoa kisahani, nikapangusa grese yote kwa kitambaa na petroli, nikakata mipira mingine miwili. Kwenye pembe ya nguo yangu nilikuwa nimefunga kile kipande cha sabuni ya Tate, kilichobakia chembamba kama ukucha. Nikakilowesha, nikasugulia mipira yote ili kisahani kiteleze bila grese, mpaka kikaisha. Nikasukuma kisahani, nikamwaga maji mu tanki, nikaweka kopo chini, nikalala pale kwenye udongo, sikio karibu na kopo, nikangojea mpaka giza likaingia, na kopo halikusema kitu.