Majile Niliyoyashona Bila Kuyatia Majini

Mwanangu, bado naikumbuka siku ile nahodha wa kivuko aliponiletea majile kumi na mawili hapa barazani kwangu Kindu, majaketi yale ya kumshika mtu asizame. Yalikuwa yamechanika makwapani na sponji limeliwa na panya. Ilikuwa miaka ya vita. Treni haikuwa ikifika, madukani hamna uzi wala chumvi, na watu walivuka mto Lualaba kwenda Alunguli, ng'ambo ya pili, kutafuta mihogo.

"Mama Sifa, utushonee hii," akaniambia. "Bakubwa ya ku bandari wanasema bila majile bato haitoke." Bato ndicho kivuko chake.

Nilikuwa kijana, na cherehani ilikuwa imenitia kiburi. Sponji jipya halikupatikana, basi nikapasua godoro langu kuukuu, nikakata vipande, nikajaza, nikapiga mishono miwili miwili. Godoro ni jepesi, jile ni jepesi, nani angeuliza zaidi? Hata mikanda niliipiga pasi. Niambie wewe, nani hupiga pasi jile? Lakini ndivyo nilivyokuwa.

Mzee Ramazani, mvuvi jirani yetu, alipita, akalishika moja, akaliminya.

"Binti yangu, ulishaitia mu maji?"

"Baba, na itakauka lini? Nahodha iko anangojea."

"Nguo ya harusi unapima ku muili. Hii unapima mu maji. Leta karai tu, tuone."

Nikacheka, nikamwambia ashughulike na nyavu zake. Akaliweka jile chini, akaenda zake. Mpaka leo naona aibu nikikumbuka mgongo wake.

Wakaguzi waliyahesabu majile, wakasifu mishono, kivuko kikaruhusiwa. Wiki ile ile, mchana kweupe, kilijaza watu kupita kiasi, kikagonga jiwe, kikalala ubavu. Rafiki yangu Zaina alikuwamo. Walionusurika walinisimulia kwamba alichagua jile akisema, "Hii njo ya Mama Sifa, haiwezi kupasuka." Na kweli halikupasuka. Lilikunywa maji mpaka likawa zito kama gunia la mihogo iliyolowekwa, na fundo la mkanda wangu halikufunguka. Abiria wa pembeni yake aliyekosa jile alikumbatia dumu tupu la mawese, akafika ng'ambo.

Mzee Ramazani ndiye aliyeupata mwili wa Zaina. Aliniletea jile lile, akaliweka juu ya cherehani yangu, nami nilitamani anitukane. Mama yake Zaina aliponiuliza kama jile lilikuwa na kasoro, nilisema mto ulikuwa mkali. Nilipopata moyo wa kumwambia ukweli, alikuwa kikongwe, masikio yamekufa, akanipapasa mkono akidhani namsalimia. Hilo linaniuma kuliko yote.

Sasa vita viko nyuma yetu, lakini kila nikivuka naona yale yale. Majile yamefungiwa kashani, mengine yametandikwa chini ya masufuria, mikanda imekatwa kufungia mizigo. Siku ya wakaguzi hutolewa, hupanguswa, huhesabiwa, hurudi. Nawe umepata kazi bandarini, umepewa ufunguo wa kasha hilo. Ndiyo maana nimekuita.

Usiridhike na kuyahesabu, mwanangu. Kila jile litie majini, ulifungie jiwe, ulingoje mpaka uchoke kungoja. Linalozama lichane kwa kisu mbele ya nahodha, hata akikununia, lisirudi kashani. Abiria avae kabla bato halijatoka, asingoje kutafutiwa ufunguo. Na mzee akikuuliza swali dogo, usimcheke. Mimi siku hizi nikishona jile, naingia nalo mtoni mwenyewe, na magoti yangu haya.

Hili hapa ndilo alilovaa Zaina. Tazama, hakuna uzi uliolegea. Litundike mlangoni pa ofisi yako, na akikuuliza mtu limefanya nini, mwambie jina langu, usinifiche. Mungu akupe mikono isiyoona uvivu kulowa, na kila atakayepanda mbele ya macho yako ashuke ng'ambo kwa miguu yake.