Ubao wa Kukatia kwa Mkono Mmoja

Kwetu Bagira mwanamke hakati mboga juu ya kitu. Fungu la lengalenga analishika kwa mkono wa kushoto, kisu kiko kulia, na majani yanaangukia yenyewe ndani ya beseni. Kitunguu nacho hukatwa hewani, juu ya sufuria, vipande vikishukia moja kwa moja kwenye mafuta. Mama alikata hivyo huku akizungumza na mtu aliye nje, bila kutazama vidole vyake.

Kisha presha ikampanda na upande wake wa kushoto ukalegea. Mguu ulirudi polepole. Vidole havikurudi. Vilikubali kulala juu ya kitu, lakini kushika havikuweza.

Tangu baba afariki tulikuwa wawili tu nyumbani, mama na mimi. Basi mama mdogo, ndugu yake anayemfuata, alikuja kutoka Mumosho kutupikia. Ni mtu wa kucheka sana, na sauti yake hujaza nyumba. Mama alikaa kwenye kiti kidogo mlangoni mwa jiko, akimtazama.

"Ile chumvi iko mingi," mama alisema siku moja.

"Weye tulia. Mugonjwa hapimake chumvi."

"Sasa mi niko mugeni mu nyumba yangu?"

"Mugeni anapewaka kiti. Si umepewa?"

Walicheka wote wawili, ila mama aliacha kwanza.

Mama mdogo alikuwa ameacha maharage shambani yakingoja kupaliliwa. Hakuweza kukaa kwetu siku zote. Akasema atakaporudi Mumosho atarudi na mama, akae huko mpaka apone. Sote tulijua kwamba "mpaka apone" haina mwisho. Mama hakutaka kwenda, lakini hakubisha. Alisema tu, "Kama siwezi kukata hata kitunguu, nitabakia hapa kufanya nini?"

Nilitaka kumwambia abaki. Mimi si mwepesi wa kusema. Maneno hunijia watu wakiwa wameshaondoka. Hata haya ninayaandika taratibu, na ninafuta mara nyingi. Lakini ninafanya kazi kwa seremala, na mikono yangu ina ujasiri zaidi kidogo kuliko mdomo.

Wazo lilinijia buchani, nilipotumwa nyama. Muuza nyama alikuwa akikatia juu ya kipande cha gogo kilichosimama kama mti unavyosimama. Kila kisu kiliposhuka, kilizama kidogo kati ya nyuzi za mti na kutulia. Hakikuteleza, na gogo lenyewe halikusogea. Ubao wa kawaida, ule uliolazwa, kisu huutelezea juu na wenyewe hukimbia meza nzima. Nilifikiri kwamba mtu mwenye mkono mmoja anahitaji kitu kisichokimbia. Nikamwuliza patron wangu, yule seremala, kama naweza kumkatia mama gogo la namna hiyo.

"Gogo itapasuka," alisema. "Ile ya bucha haipasuke ju iko nakunywa mafuta kila siku. Weye fanya ya vipande."

Akanipa mabaki ya libuyu, mbao nyekundu tunayotengenezea milango, na mabaki ya grevilea, ambayo ni nyeupe zaidi. Nilifanyia kazi uani kwetu, kwa msumeno wa mkono. Kwanza nilipasua fito za unene mmoja, nikazipiga randa, nikazipanga nyekundu kwa nyeupe na kuzibandika kwa gundi. Sina vyuma vya kubania, kwa hiyo nilizikaza kwa mipira iliyokatwa kutoka kwenye tyubu ya pikipiki, ile wanayofungia mizigo. Gundi ilipokauka, niliukata ubao huo kwa kukingama, vipande vyenye unene wa vidole vinne. Kila kipande nikakilaza upande wake, nyuzi za mti zikatazama juu. Kimoja nikakigeuza kichwa huku, cha pili kule, ili nyekundu ikae kando ya nyeupe. Nikabandika tena.

Kulainisha ndiko kulikonichosha. Randa ikitoka nje ya ukingo inaumega, kwa hiyo unasukuma kutoka pembeni kuelekea katikati tu, kidogo kidogo. Baada ya randa, msasa. Mwishoni niliusugua kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika mafuta. Rangi zikaamka. Nyekundu ikawa kama chai isiyo na maziwa.

Mama aliupokea kwa mkono wa kulia na nusura umwangushe kwa uzito.

"Yesu wangu! Njo weye umefanya hii?"

"Hii si ya kukatia," mama mdogo alisema. "Hii iko ya kuonyesha bageni."

Siku ya pili niliporudi kutoka kazini, nilikuta ubao umesimamishwa juu ya kabati la salon, chumba chetu cha kupokelea wageni, kwenye kitambaa cheupe cha kufuma, kati ya picha ya baba na chupa ya chai ya wageni. Majirani walikuwa wameshaitwa kuutazama.  Nilifurahi na nikakasirika kwa pamoja. Nilijilaumu kwamba nimeutengeneza kama zawadi ya harusi, na kwetu kitu kizuri hakiguswi na kisu.

Jumamosi asubuhi mama mdogo alianza kupanga nguo za mama ndani ya mfuko. Nikajikaza, nikamwuliza kwa sauti ndogo kwa nini mama hakuujaribu ubao hata mara moja.

"Alijaribu," alinijibu, naye kwa mara ya kwanza aliteremsha sauti. "Kitunguu ikakimbia mupaka mu makaa. Akajaribu tena, ikakimbia. Njo akasema, tuweke mu salon, mutoto asiumie roho."

Ndipo nilipoelewa. Ubao haukukimbia. Kitunguu ndicho kilichokimbia, kwa sababu hakukuwa na mkono wa kukishika. Nilikuwa nimeshughulikia rangi, na kitunguu sikukifikiria.

Niliutoa salon, nikaupeleka uani, nikaugeuza. Nikatoboa matundu mawili kwenye kona na kupiga misumari miwili ya inox, ile isiyoshika kutu, mpaka ncha zikatokea juu kama meno. Mama mdogo alisikia nyundo akaja mbio.

"Uko naharibisha! Mama wee, kuya uone mutoto wako! Ameingia wazimu!"

Mama alikuja akivuta mguu. Alitazama misumari iliyochomoza kwenye ule mpango wa rangi, na uso wake ukakunjamana.  Nilichukua kitunguu, nikakichomeka juu ya ncha, nikampa kisu.

Alikigusa kitunguu kwa nyuma ya ule mkono uliolegea. Hakikusogea. Akakata. Nusu ya kwanza ilianguka, akailaza kwa upande wake ulio bapa, akaimenya polepole kwa ncha ya kisu, akaanza kuikatakata. Vipande vilitoka vinene, vingine kama vidole. Mama mdogo alinyoosha mkono kuchukua kisu.

"Acha," mama alisema bila kuinua macho. "Weye endea maharage yako."

"Na hivi vipande vya kulisha mbuzi, utakula na nani?"

"Na mutoto wangu. " Akanigeukia, akaniita kama akina mama wa kwetu wanavyomwita mtoto wa kiume. "Papa, lete sufuria."

Nilileta sufuria. Mama mdogo alisimama kidogo, akasonya, akacheka. Kisha akaingia chumbani. Niliporudi ndani kuchukua kiberiti, nilimwona ameinama juu ya mfuko, anatoa vitenge vya mama kimoja kimoja na kuvirudisha juu ya kitanda.