Jina la Mwenye Kibanda

Usiku ilipigwa honi moja, ndefu. Sisi wa mteremkoni hapa Mbeya tunaijua: lori limefeli breki. Lilipita kando ya vibanda, halikugusa mtu.

Asubuhi ofisi ya kata ilijaa wanaotaka kuhamia soko jipya lililo mbali na barabara, lile ambalo jana tu walilikataa wakisema wateja wake watakuwa nyani.

"Kibanda kina jina la nani?" mtendaji alimuuliza muuza viazi mmoja.

"La baba mkwe."

"Jina, mama. Leo nafunga orodha."

Kwa Wanyakyusa, mke hatamki jina la baba mkwe wake.

"Mtaje tu, dada," foleni ilidakia. "Lori halijui ukwe!"

Akamweka sawa mgongoni mtoto wake, anayelala chini ya meza ya kibanda kila mchana. Akafumba macho.

"Ambokile."